Mtunisia Aliyemtangulia Keino

Nilikuwa mtoto wa chuoni, Mombasa, mwezi Oktoba 1968, ilipofika habari barazani kwetu kwamba Kipchoge Keino kashindwa katika mbio za mita 5,000 huko Mexico. Kahawa ikapoa vikombeni. Aliyemshinda ni nani? Mohammed Gammoudi, askari wa Tunisia. Basi baraza likagawanyika: huyu akimsikitikia Mkenya mwenziwe, yule akitabasamu chini chini kwa kusikia jina la Mohammed. Mimi nilimchukia mtu huyo kabisa.

Ukubwani ndipo nilipomfahamu. Gammoudi alizaliwa mwaka 1938 huko Sidi Aich, jimbo la Gafsa. Mwaka 1964, mjini Tokyo, watu wachache walimjua. Katika mzunguko wa mwisho wa mita 10,000 alijipenyeza baina ya Ron Clarke wa Australia na Billy Mills wa Marekani, akatangulia. Kisha Mills akaja mbio na kumpita karibu na utepe. Alikosa dhahabu kwa sehemu nne za kumi za sekunde.

Huko Mexico, mahali pa juu penye hewa nyepesi, Naftali Temu wetu alichukua dhahabu ya mita 10,000, Mamo Wolde wa Ethiopia akawa wa pili na Gammoudi wa tatu. Siku nne baadaye ndipo alipowatangulia Keino na Temu katika mita 5,000. Keino alimkaribia mno, akaachwa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde tu. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tunisia katika Olimpiki.

Lakini kilichonifanya nimsamehe ni Munich, mwaka 1972. Katikati ya mita 10,000, yeye na Lasse Viren wa Finland walianguka. Viren aliinuka, akashinda na kuvunja rekodi ya dunia. Gammoudi hakumaliza. Wiki moja baadaye, naye ana miaka 34, alirudi uwanjani kwa mita 5,000, akawa wa pili nyuma ya Viren yule yule.

Wazee husema kuteleza si kuanguka. Huyu alianguka hasa, mbele ya dunia nzima, na bado akarudi. Lau wale wazee wa baraza wangalikuwa hai, ningaliwaambia: ugomvi wetu ulikuwa bure. Keino alikuwa wetu, na Gammoudi alistahili.