Je, Wajua Kiiuacho Swichi ya Redio ya CB?

Je, wajua ya kuwa redio ya CB (yaani redio ya raia ya kupelekeana sauti) ya mezani, iliyoenea majumbani Marekani baada ya raia kuruhusiwa mawimbi ya megahezi 27 mwaka 1958, pengine hunyamaza kabisa ilhali viungo vyake vyote vi salama, isipokuwa swichi ya kuwashia? Kila iwashwapo, kapasita zake tupu huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, na cheche irukayo baina ya vipande vya chuma vigusanavyo ndani ya swichi huviunguza kidogo kidogo, hata vikavikwa masizi yazuiayo umeme kupita.

Fundi mwenye hadhari huchomoa kwanza waya ukutani, akangoja kapasita zimalize umeme zilioukusanya, akatazama fyuzi, kisha akaweka mita ya omu katika ncha mbili za swichi: ikiwa imewashwa, kipimo hakina budi kukaribia sifuri; kikipanda au kikiyumba, ila i papo hapo. Dawa ya kusafishia hufaa kwa muda tu; tiba hasa ni swichi mpya istahimiliyo volti na ampea zile zile. Kuunganisha nyaya moja kwa moja ili kuiepa swichi ni jambo nisiloliafiki katu, kwani redio hubaki na umeme daima, wala mwenyewe asitambue.