Australia: Kowari, mwindaji mdogo wa jangwa, yuko hatarini juu ya ngombe na paka

Upande wa katikati ya Australia kuna jangwa lililojaa mawe madogo mekundu, ambako mvua inaweza kukosa kwa miezi mingi. Ndiko anaishi kowari, mnyama mwenye ukubwa wa panya na mkia wenye manyoya meusi kama burashi. Lakini kowari si panya. Yeye ni wa jamii ya wanyama wanaolea watoto kwenye mfuko wa tumbo, kama kangaruu, na anakula nyama.

Mchana analala ndani ya shimo. Usiku anatoka kuwinda wadudu, buibui, mijusi, panya na ndege wadogo. Maji anayapata zaidi katika damu na nyama ya anachokula. Mimba yake inachukua karibu mwezi moja. Watoto, ambao mara nyingi hawapiti sita, wanazaliwa wadogo kuliko punje ya mchele. Wanashikilia chuchu za mama karibu miezi miwili, kisha wanabebwa mgongoni.

Joto na ukame kowari anavizoea tangu zamani. Shida yake ni wanyama walioletwa na watu. Katika inchi ile ya mawe, udongo unaochimbika ni vichuguu vidogo vya mchanga tu. Ngombe wanavikanyaga, mchanga unashindiliwa, na mashimo yanabomoka. Visima vilivyochimbwa kwa ajili ya mifugo vinafanya ngombe wafike mahali ambako zamani wasingeweza kukaa.

Hatari ya pili ni paka wa porini na mbweha. Mvua ikinyesha sana, panya wanaongezeka, na paka nao wanazaana. Panya wakiisha, paka wenye njaa wanageukia kowari.

Wanasayansi walimwandika kowari mwaka wa 1896, kutokana na mnyama wa Charlotte Waters, katika Northern Territory. Leo, katika jimbo hilo, haonekani tena. Amebaki South Australia na Queensland, na mwaka wa 2021 watafiti walikisia kwamba wanaweza kuwa wamebaki karibu 1,200 tu. Mwaka wa 2023, serikali ya Australia ilimpandisha kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Kazi ya kumwokoa imeanza. Mwaka wa 2022, kowari 12 walipelekwa karibu na Roxby Downs, katika hifadhi ya Arid Recovery yenye uzio unaozuia paka na mbweha. Huko wamezaa.

Lakini uzio hauwezi kuzunguka jangwa lote. Ndiyo maana watafiti wanaomba wafugaji wafunge visima vilivyo karibu na mashimo ya kowari, ili ngombe wabaki mbali. Kwa mfugaji, hiyo ni malisho anayopoteza. Kwa kowari, ni nyumba.