Somo la Nane: Mipira na Rimu za Gari la Zamani

Hili ni somo la nane la mafundisho yetu ya kufufua magari ya zamani. Juma lililopita tulimaliza habari za breki. Leo tunashuka chini kabisa, pale gari linapokutana na ardhi. Mlio katika vikundi, mmoja wenu ashike karatasi na kalamu, maana leo ipo hesabu kidogo. Si hesabu ngumu.

Ndugu mmoja wa Kilwa Kivinje ametuletea barua. Anasema marehemu mjomba wake amemwachia Land Rover fupi, ile ya inchi 88, iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe. Injini imekwisha kuwaka, lakini mipira yote imeoza. Alipokwenda dukani Lindi alikuta mipira ya 7.50-16 tele, kwa kuwa ndiyo wanayoitumia wenye malori madogo. Ile ya 6.00-16, iliyoandikwa katika kitabu cha gari lake, hakuiona hata mmoja. Muuzaji akamwambia, "Chukua hii, kaka. Rimu ni ileile, na gari litapendeza zaidi." Ndugu yetu anakusudia kuchukua mizigo na watu wa nyumbani kwake, kupanda na kushuka milima ya Matumbi mpaka Kipatimu. Anauliza: achukue au asichukue?

Swali hili ni zuri, na jibu lake si la kupendeza macho tu. Tulitazame hatua kwa hatua.

Kwanza, tujifunze kusoma namba. Mpira ulioandikwa 6.00-16 una upana wa inchi 6, nao huvaa rimu yenye kipenyo cha inchi 16. Ule wa 7.50-16 una upana wa inchi 7 na nusu, na rimu yake ni ya inchi 16 vilevile. Basi muuzaji hakusema uwongo: mipira yote miwili itaingia. Lakini kuingia si kufaa. Kanzu ya baba humwingia mtoto, wala haimfai.

Katika mipira hii ya kizamani, kimo cha ubavu hukaribia kuwa sawa na upana. Kwa hiyo kipenyo cha gurudumu zima twakipata hivi: chukua inchi 16 za rimu, ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini. Kwa mpira wa kwanza, 16 na 6 na 6 ni inchi 28. Kwa mpira wa pili, 16 na 7 na nusu, na 7 na nusu tena, ni inchi 31. Haya ni makadirio. Viwanda hupishana kidogo. Ukitaka kuhakikisha, piga alama ya chaki kwenye mpira na kwenye sakafu, sukuma gari mpaka alama irudi chini, kisha pima urefu uliokwenda.

Inchi 3 zaonekana kitu kidogo. Sasa tuone zinafanya nini.

Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda inchi 88. La inchi 31 huenda inchi 97 na zaidi. Katika maili moja gurudumu dogo huzunguka mara 720. Kubwa huzunguka kama mara 650 tu. Lakini saa ya mwendo haiyaoni magurudumu. Huhesabu mizunguko tu, nayo ilipangwa kwa mpira mdogo. Kwa hiyo ikionyesha maili 40 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda zaidi ya 44. Ukipita vijijini, ambako sheria inataka usizidi kilomita 50, saa ya zamani itakuonyesha maili 31, yaani hizo hizo kilomita 50, na kumbe unakwenda 55. Askari hatakubali udhuru wa mpira.

Jambo la pili ni nguvu. Gurudumu kubwa ni kama kupandisha gea bila kutaka. Penye tambarare, kwa mfano barabara ya lami kutoka Nangurukuru kwenda Lindi, injini itapumua vizuri. Lakini mlimani, gari lenye mzigo litachoka mapema, nawe utarudi gea ya chini pale ambapo zamani hukuwa na haja.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni breki. Mnakumbuka somo la juma lililopita: breki hukamata dramu, na dramu hukamata mpira. Kadiri mpira unavyokuwa mrefu, ndivyo nguvu ileile ya mguu wako inavyopungua ifikapo ardhini. Kwa mipira ya ndugu yetu hasara hiyo ni karibu sehemu moja katika kumi. Waliotengeneza Land Rover walilijua hilo. Gari lao la kwanza lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, likiwa na inchi 80 toka ekseli hadi ekseli. Baadaye zikaja ile fupi ya inchi 88 na ile ndefu ya inchi 109. Ndefu walizipa mipira ya 7.50-16, lakini walizipa pia dramu za breki za inchi 11. Fupi nyingi zina dramu za inchi 10. Mpira na breki vilipangwa pamoja. Ukibadili kimoja na kukiacha kingine, utayajua makosa yako siku unateremka Matumbi na watoto nyuma.

Jambo la nne ni nafasi. Kata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uone kama mpira mpana unagusa springi au chuma chochote. Ukigusa, fundi hana budi kurekebisha vizuizi vya usukani, na gari litahitaji uwanja mpana zaidi wa kugeuka.

Basi ndugu yetu afanye nini? Yapo mapya yanayoweza kumsaidia. Mipira ya siku hizi huandikwa kwa milimita. Ule wa 205/80R16 una upana wa milimita 205, na ubavu wake ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 164. Zidisha kwa mbili, ongeza milimita 406 za rimu, utapata 734, ambazo ni karibu inchi 29. Huyo ni ndugu wa karibu wa 6.00-16. Kwa njia hiyohiyo 235/85R16 hufika karibu inchi 32, naye ni ndugu wa 7.50-16. Shauri letu ni aagize 205/80R16, hata ikimbidi kungoja.

Lakini ajihadhari na mambo haya. Herufi R maana yake ni mpira wa rediali. Mipira ya kizamani nyuzi zake hupita mshazari, tabaka moja likilikata jingine. Aina hizi mbili zisichanganywe katika ekseli moja. Tena Land Rover ya namna hii, ukitia gea ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungamana. Mipira ikipishana kimo, giaboksi na difu huumia. Kwa hiyo anunue minne iliyo sawa, na wa tano wa akiba.

Rimu za pwani nazo huliwa na chumvi. Akwangue kutu yote na kugonga ukingo kwa nyundo ndogo. Penye kuitika kama bati bovu, rimu hiyo aitupe. Na kwa kuwa rimu nyingi za wakati ule zimeungwa kwa ribiti na upepo hupenya, atie tyubu ya kipimo kile kile cha mpira. Mwisho, atazame namba nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani miaka mingi, hata kama haujawahi kutembea, ni mzee.

Akikosa kabisa, akalazimika kuchukua 7.50-16, asipakie mizigo ya mlimani, aache nafasi ndefu ya kusimama, na abandike karibu na saa ya mwendo karatasi yenye hesabu ya leo.

Maswali ya kikundi: Mpira wa 7.00-16 una kipenyo cha inchi ngapi? Saa ya gari la ndugu yetu ikisoma maili 30, akiwa na mpira huo anakwenda maili ngapi? Na ninyi mngemshauri nini?

Juma lijalo tutazungumzia springi. Kwaherini.