Kujua Thamani ya Vitu vya Urithi

Katika nyumba nyingi za pwani ya Kenya, tangu Lamu hata Mombasa, mna vitu vilivyoachwa na mababu: sahani za Kichina, mikufu ya fedha, viti vya mpingo, milango ya nakshi na riale za zamani. Mara nyingi wenyewe hawajui thamani yake. Huja mchuuzi, hutoa fedha kidogo, na jamaa hutambua hasara wakati kitu kimekwisha vuka bahari.

Mtaalamu wa vitu vya kale habahatishi. Kwanza hutazama kitu kimefanywa kwa nini na kwa ufundi gani. Pili huangalia alama za matumizi: kiti cha kale huwa kimelika pale palipoguswa na mikono na miguu, wala si kila mahali sawasawa. Tatu huuliza habari zake: nani alikuwa nacho, alikipata wapi, na nani alikirithi.

Mwaka ulioandikwa si ushahidi peke yake. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani, huonyesha mwaka 1780, ndio mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria. Lakini riale hizo ziliendelea kupigwa kwa mwaka uleule hata katika karne ya 20, huko Vienna na katika miji mingine kama London na Bombay. Mjuzi wa sarafu hutambua kwa alama ndogo ndogo za chapa ilikopigwa.

Kabla ya kumwendea mtaalamu, mwenye kitu asisugue fedha wala asipake mlango rangi, kwa maana weusi wa zamani nao ni ushahidi. Yafaa aandike maelezo ya wazee wangali hai. Asikubali bei ya mpimaji anayetaka kununua yeye mwenyewe, kwani faida ya mtu huyo ni bei ndogo. Ujira wa kupima nao ujulikane mapema, wala usiwe sehemu ya bei.

Sheria nayo ina neno. Kwa sheria ya mwaka 2006 inayohusu Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kitu cha kale kilichofanywa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946, havipelekwi nchi za nje bila ya kibali.

Tena viko vitu visivyopimwa kwa fedha. Vigango vya Wamijikenda ni ukumbusho wa wazee waliofariki, lakini vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudishwa Kenya kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani.

Kwa hiyo ni vyema jamaa wote wakae shauri kwanza. Kupima kitu si kukiuza. Anayejua thamani ya urithi wake aweza kuutunza, kuugawa kwa haki, au kumkatalia mchuuzi.