Doa Katika Dhahabu

Wanafunzi wa kemia hufundishwa kwamba dhahabu haishiki kutu. Mbona basi sarafu ya dhahabu iliyokaa kabatini miaka mingi huonekana na madoa ya hudhurungi, pengine mekundu? Wapo wanaokimbilia kusema ni ya bandia. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Dhahabu safi ni laini, hukwaruzika upesi. Kwa hiyo huchanganywa na shaba nyekundu au fedha. Sovereni ya Uingereza ina uzito wa gramu 7.99, na katika kila sehemu 12 za uzito huo, 11 ni dhahabu. Sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa chapa na Wajerumani mjini Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, ilikuwa na robo nzima isiyo dhahabu.

Shaba ndiyo ibadilikayo. Oksijeni huigeuza kuwa oksaidi. Gesi zenye salfa, hata zile zitokazo katika mpira, huigeuza kuwa salfaidi nyeusi. Ikiwa metali hazikuchanganyika sawasawa zilipoyeyushwa, shaba hujikusanya mahali pamoja, na hapo ndipo doa huzuka. Dhahabu yenyewe haikuguswa.

Mwenye sarafu hushawishika kuisugua kwa majivu. Doa huenda likatoka, lakini hutoka pamoja na chembe za dhahabu na ncha za nakshi, na bei yake mbele ya wakusanyaji huporomoka. Asetoni safi huondoa mafuta ya vidole bila kuidhuru metali. Doa la shaba italiacha palepale.