Karatasi Iliyousemesha Mji

Jongeeni, wanangu, niwahadithie karatasi moja iliyousemesha mji wetu.

Mwaka 1930, hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti dogo, akaliita Sahifa. Lilikuwa la Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo watu wengi wa Mji wa Kale walizozizoea tangu chuo cha Kurani. Mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah. Sheikh huyu alikuwa mwanachuoni hasa. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Angeweza kuwaandikia wanavyuoni wenziwe tu. Yeye akachagua makala fupi, ambayo mtu wa barazani huimaliza kabla kahawa yake haijapoa. Humo aliwahoji watu wake mambo yanayouma: kwa nini wanaachwa nyuma katika elimu, na kwa nini wanaiga mavazi ya wageni bila kuchukua ujuzi wao.

Utamu wa insha ni huo. Mtu mwenye fikra anakuonyesha hatua kwa hatua jinsi anavyowaza, nawe una ruhusa ya kumkatalia.

Na mashairi je? Hapo ndipo roho yangu ilipo. Shikeni vidole: mshororo uliozoeleka una mizani kumi na sita, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili; vina hukutana kati na mwisho; mishororo minne hufanya ubeti. Chombo kidogo sana, na bado washairi wetu wamepakia humo vita, mahaba, njaa na mafumbo. Tena shairi la Kiswahili halipendi kukaa peke yake. Mmoja akitunga, mwingine hujibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapa tungo za wasomaji, na mtu wa mji mmoja akaweza kulumbana na wa mji asioujua.

Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, yaani Mombasa hii, aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuwa na gazeti. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu miaka mingi, hata mwalimu mmoja aliyeitwa Sikujua akazikusanya na kuziandika. Kitabu cha tungo hizo za Muyaka kilitoka mwaka 1940, karne nzima baadaye. Mashairi mangapi yalikufa na waliokuwa wakiyakumbuka? Nikiliwaza hilo, huona kila jarida la fasihi ni la kutunzwa, hata lile jembamba la kurasa chache.

Makala za Sahifa nazo zilipata bahati: mwaka 1944 zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Kitafuteni. Na jarida lolote likiwafikia mikononi, si lazima muanze ukurasa wa kwanza. Fungueni popote, someni shairi kwa sauti, mara mbili, kisha chukueni kalamu mumjibu mtunzi kwa vina vyake.