Fahamu: Mionzi ya vilima vya Ruri na swali la fidia

Ukitoka Rodi Kopany, magharibi mwa Kenya, kuelekea Bonde la Lambwe, utaviona vilima vya Ruri. Miamba yake ina thoriamu nyingi, na wanasayansi wa Kenya wamepima huko mionzi inayozidi kwa mbali wastani wa dunia, yaani milisiveti 2.4 kwa mwaka.

Thoriamu hutoa gesi yenye mionzi iitwayo thoroni. Nusu yake hutoweka kila sekunde 56 hivi, kwa hiyo haifiki mbali na udongo au jiwe ilikotoka. Katika nyumba iliyojengwa kwa udongo wa vilima hivyo, hewa iliyo karibu zaidi na ukuta ndiyo yenye gesi nyingi. Mtoto anayelala ameegemea ukuta anaivuta zaidi kuliko aliye katikati ya chumba. Piga lipu, fungua madirisha, sogeza kitanda.

Na fidia? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini humlinda mwajiriwa aliyepata ugonjwa kutokana na kazi. Mkulima anayeishi juu ya mwamba hana mwajiri wa kumdai. Tena hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuthibitisha kwamba saratani ya mtu fulani ililetwa na mionzi. Marekani, kwa sheria ya 1990, ililikwepa tatizo hilo: kwa walioishi karibu na majaribio ya mabomu ya Nevada, iliangalia waliishi wapi, lini, na wanaugua nini. Lakini kule serikali yenyewe ndiyo iliyolipua mabomu. Ruri ni kazi ya maumbile, ila kupima nyumba na kuwachunguza wakazi hakuhitaji mkosaji.